Skeli nazijua, lakini solo yangu haisemi neno

Kijana_wa_Wete (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum wanamuziki. Naomba msaada wenu, na nitaeleza kwa urefu kidogo ili mnielewe.

Nina miaka 23, napiga gitaa la umeme, huu mwaka wa tatu. Sikusoma skuli ya muziki. Nimejifunza kwa simu, usiku, nikishafunga duka. Pentatoniki ya A maina, ile skeli (ngazi ya nota) yenye nota tano, naijua shingo nzima, visanduku vyote vitano, yaani sehemu zote za shingo inapopigwa, napanda na kushuka nimefumba macho. Meja ya C naijua pia. Tuna kikundi cha watu watano: mimi, besi, kinanda, ngoma, na dada mmoja anayeimba. Wimbo wetu tulioutunga wenyewe unakwenda Am, F, C, G, kila kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) kipimo kimoja cha midundo minne, mwendo wa taratibu. Baada ya ubeti wa pili wenzangu wananiachia duru nne, yaani vipimo 16, nipige solo.

Mwezi uliopita tulipiga kwenye harusi Gando, na jamaa yangu akanirikodi kwa simu. Usiku ule nilihisi nimepiga vizuri kweli, vidole vilikuwa vinakwenda. Asubuhi yake tukiwa kwenye gari tunarudi nikasikiliza. Nilivunjika moyo. Hakuna nota hata moja iliyo nje, kila kitu kimo ndani ya skeli, na bado haisikiki kuwa muziki. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Hakuna pahala inapopumua. Kwenye video watu wanaonekana wanazungumza wao kwa wao, mpaka dada aliporudi kuimba ndipo wakageuka.

Ami yangu anapiga udi. Nikampa simu asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia, akasema: "Unasoma alifu, bee, tee. Herufi zote umezitamka sawa. Sasa soma neno." Akaondoka kwenda kusali. Nimekaa na maneno hayo wiki tatu.

Sasa nauliza: nifanye nini? Nijifunze skeli nyingine? Naona watu wanataja doriani, frijiani, maina ya hamoniki. Na hijazi, ile skeli ya Kiarabu ninayoisikia kwenye udi wa ami, naweza kuitia kwenye wimbo huu? Sitaki kuiga solo ya mtu. Nataka nitunge yangu, niikumbuke, na nikiipiga kesho iwe ile ile ya leo.

Solo_Temeke (Dar es Salaam)

Habari ndugu. Pole, hali hiyo naijua. Mimi iliyonifungua ni doriani. Chukua A maina ya kawaida, pandisha F nusu sauti iwe F shapu, basi. Mpiga gitaa Carlos Santana anaitumia sana, sikiliza uone inavyong'aa. Ukishaizoea ingia maina ya hamoniki. Mimi nilijipangia skeli moja kila wiki mbili, na kila nilipoongeza moja nilipata mawazo mapya. Nadhani masikio yako yameichoka pentatoniki, yanataka chakula kingine. Usikate tamaa.

Nyuzi_Sita_Jangombe (Jang'ombe, Unguja)

Waalaykumu salaam mwanangu. Ami yako keshakujibu, mimi nitafafanua tu.

Skeli usiongeze kwa sasa. Ndugu yetu wa Dar kasema kwa nia njema, na doriani ni tamu kwenye wimbo wake. Lakini angalia kodi zako: ya pili ni F. Doriani ya A ina F shapu, na ukiituliza F shapu juu ya kodi ya F zitagombana vibaya. Doriani inakaa vizuri pale Am inapokwenda D na kurudi. Kwa wimbo wako, hicho ulichonacho kinatosha na kinabaki. B.B. King wa Marekani, aliyefariki 2015, alijulikana dunia nzima kwa nota chache alizokuwa akizizungukia kwenye sehemu moja ndogo ya shingo ya gitaa. Mtu alikuwa akisikia nota yake moja anajua ni yeye.

Mimi ni fundi cherehani, na gitaa nililishika 1989. Nilikuwa mwepesi wa vidole, wenzangu wakinisifu. Nikaingia kikundi kimoja cha taarab kilichokuwa kinahitaji gitaa, nikawekwa kiti cha nyuma ya mzee wa fidla, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mazoezi yalikuwa baada ya Isha. Siku ya tatu nikapewa nafasi ya kupiga peke yangu, nikamwaga kila nilichokuwa nacho. Mzee akageuka, akaweka kiganja juu ya nyuzi zangu zikanyamaza. Kiganja chake kilikuwa na unga mweupe wa utomvu anaoupaka upinde, na ule unga ukabaki kwenye nyuzi zangu. Hakunifokea. Alichukua fidla, akaweka upinde penye mkono wake, akauvuta polepole mpaka ncha. Nota moja, ndefu. Akasimama pale penye ncha akaniambia: "Hapa umekwisha. Lazima nigeuke. Wewe unageukia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpiga fidla upinde wake una mwisho, mwimbaji na mpiga nai wana pumzi. Mpiga gitaa hana kitu kinachomsimamisha, anaweza kuchapa nyuzi mpaka alfajiri. Kwa hiyo kituo lazima akitie mwenyewe, tena akijue kabla hajaanza sentensi.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kutunga solo kwa ubeti, na mpaka leo sijaona njia iliyo bora kwa mtu aliyekulia kwetu. Wewe umetoka kisiwa cha washairi Kamange na Sarahani, huwezi kuwa hujasikia shairi likighaniwa. Mshororo una mizani 16: nane za ukwapi, nane za utao. Katikati kuna pumzi. Kina cha kati kinafungana na vina vya kati vya mishororo mingine, na cha mwisho vivyo hivyo. Mishororo minne ni ubeti. Sasa tazama wimbo wako: duru nne! Kila duru ni mshororo. Am na F ni ukwapi, C na G ni utao. Ubeti umeshapigwa mstari, unangoja maneno.

Chukua mshororo huu, nimeutunga sasa hivi hapa dukani:

*Nimefika bandarini, mashua imeondoka.*

Ni-me-fi-ka-ba-nda-ri-ni. Nane. Ma-shu-a-i-me-o-ndo-ka. Nane. Usishike gitaa bado. Useme juu ya kodi zako kama mtu anayeghani. Mdundo wa kwanza wa Am uache upite, ingia nusu yake ya pili. Silabi saba zitajaa kwenye kipimo cha Am, mbili kwa kila mdundo, na ile ya nane, "ni", itaangukia mdundo wa kwanza wa F. Hapo nyamaza. Iache F yote ilie peke yake mpaka C iingie, halafu utao uje kwa mpango ule ule, "ka" iangukie G. Jaribu kwa mdomo hata mara kumi. Utaona hicho kimya cha F kinavyomvuta msikilizaji. Ndicho kilichokosekana Gando.

Sasa nota. Kaa kwenye kisanduku cha freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo), usitoke. Uzi wa 1 ndio mwembamba kabisa. Ukwapi: E, G, E, D, C, D, C, halafu A. E ni uzi wa 2 freti ya 5, G ni uzi huo huo freti ya 8, D na C ni uzi wa 3 freti za 7 na 5, na A ya mwisho ni uzi wa 4 freti ya 7. Utao: C, D, E, G, A, G, E, halafu D. Hii A ya katikati ni uzi wa 1 freti ya 5, na D ya mwisho ni uzi wa 3 freti ya 7.

Kwa nini A, na kwa nini D? Hapa ndipo pentatoniki inapogeuka kuwa maneno, kwa hiyo soma taratibu. Kila kodi ina nota zake tatu, na nota hizo ndizo nyumba ya kufikia. Am ni A, C, E, na zote tatu unazo kwenye skeli yako. C ni C, E, G, zote unazo. F ni F, A, C: unazo mbili, A na C. G ni G, B, D: unazo mbili, G na D. Njiani pita popote upendapo, nota zote tano ni halali. Lakini silabi ya kina lazima ifikie nyumba ya kodi inayolia wakati huo. Wewe Gando ulikuwa unapita tu mbele ya nyumba za watu, huingii hata moja. Jaribu kumaliza utao kwa C juu ya kodi ya G, kisha umalize kwa D, usikilize tofauti. Ile C inaning'inia, inataka kushuka. Hujatoka nje ya skeli hata kidogo na bado umekosea mlango.

Mshororo wa pili, mloto: vina vile vile, A katikati na D mwisho, ila mwanzo ubadilishe. Maneno yake weka *Nauliza majirani, hakuna wa kutamka*. Msikilizaji akisikia vina vimerudi anajua kuna mtu anamzungumzisha.

Mshororo wa tatu, mleo, ndio wa kupanda. Anzia juu, uzi wa 1. Kina cha mwisho kiwe D tena, lakini D ya juu, na usiikanyage moja kwa moja: shika C, uzi wa 1 freti ya 8, uivute, yaani usukume uzi pembeni sauti ipande, mpaka iwe D pale pale G inapoingia. Ni kina kile kile, ila safari hii kimeliliwa.

Kituo, yaani mshororo wa nne, kama kwenye mashairi mengi, kinaruhusiwa kubadili vina. Hapa chukua kitu kutoka meja yako ya C, maana meja ya C na maina ya A ni nota zile zile saba, na tofauti yake na pentatoniki yako ni mbili tu, F na B. Ukwapi wa kituo umalizie C juu ya F. Utao umalizie B juu ya G, uzi wa 1 freti ya 7. Hiyo B hujaipiga solo nzima, kwa hiyo itasikika mpya. Na Am ya ubeti wa tatu inapoingia, shuka kwenye A, freti ya 5, umwachie dada wimbo wake.

Kuhusu hijazi. Hijazi ya A ina A, B flati, C shapu, D, E, F, G. Kodi zako tatu, yaani Am, F na C, zote zina C ya kawaida, kwa hiyo C shapu itazichafua. Lakini ipo njia. Kwenye duru ya nne, G ya mwisho ibadilishe iwe E meja. Hapo hijazi ya E inaingia bila ugomvi: E, F, G shapu, A, B, C, D. Nota ngeni kwako ni moja tu, G shapu, nayo iko uzi wa 4 freti ya 6, chini kidogo ya A. Kipimo kimoja kinatosha, ami yako ataitambua. Bayati na rasti, skeli nyingine za Kiarabu, ziache kwenye udi na fidla, zina sauti zilizo baina ya freti mbili. Udi hauna freti, gitaa lako linazo.

Na usiandike hata nota moja kabla hujaiimba. Jirikodi kwa simu ukiimba la-la-la juu ya kodi, kisha ndio uitafute kwenye nyuzi. Uliloliimba hulisahau, ndilo jibu la swali lako la kuipiga kesho iwe ile ya leo.

Sauti_ya_Chake (Chake Chake)

Shikamoo maalim, umefundisha.

Mimi siyo mpiga gitaa, ni mwimbaji, naomba niongeze la upande wetu. Mdogo wangu, muulize dada yenu anamalizia ubeti kwenye nota gani, na wewe anza solo hapo hapo. Mimi nikimaliza na gitaa likaanza pale nilipoacha, nahisi nimepokewa mzigo, nakaa pembeni nasikiliza kwa raha. Likianza pengine kabisa nahisi nimekatwa. Kaa usikilize rikodi za zamani za Ikhwan Safaa, au kikundi chochote cha taarab asilia, usikilize fidla tu, usisikilize mwimbaji. Utaona zinangoja neno la mwisho kwisha ndipo zijibu, na jibu lake limezaliwa na lile neno.

Jingine: sisi tunasikia mkipiga kwa ajili ya kuonyesha vidole. Siku mpigaji wetu alipoanza kupumua baina ya sentensi, na mimi nilianza kuimba vizuri zaidi baada yake, kwa sababu nilirudi kwenye wimbo uliokuwa bado upo.

Solo_Temeke

Maalim, ahsante. Ile ya F shapu juu ya F nimeijaribu sasa hivi, ni kweli kabisa. Nimejibu kabla ya kuangalia kodi. Na mimi naichukua hii ya mizani, wimbo wetu mmoja una duru nne vile vile.

Kijana_wa_Wete

Nimerudi baada ya siku 12. Shikamoo maalim, na ahsanteni nyote.

Gitaa nililiacha kwenye mfuko siku tatu nzima, ilikuwa tabu. Nikawa naimba dukani mchana, wateja wakiwa wachache, kodi za kinanda nimezirikodi kwenye simu zinazunguka. Jambo la kwanza nililoliona: mdomo wangu hauwezi kuimba hata robo ya zile nota ninazozipiga. Mara zote nilikuwa nasimama kwenye nota ya nane au ya tisa bila kuambiwa. Sikuwa nalijua hilo.

Dada yetu nilimuuliza. Anamalizia C, siyo E. Kwa hiyo mwanzo wako nimeubadilisha: C, D, E, D, C, D, C, kisha A. Maneno ya bandarini yanakaa sawa, na kweli inasikika imetoka kinywani mwake. Alipoisikia mara ya kwanza kwenye mazoezi aligeuka akanitazama, hakusema kitu, lakini safari ya pili ile C ya mwisho aliivuta muda mrefu zaidi ili mimi niingie juu yake.

Hijazi ya E tumeitia. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu, kwa sababu nilimwambia besi nikasahau kumwambia wa kinanda, yeye akapiga G na mimi nimeshika G shapu. Tulipopatana sote, ilikaa. Ila nimeiweka kwenye ukingo wa kituo tu: G shapu, A, kisha B, halafu nyumbani.

Jana usiku nilimchukulia ami gitaa na spika ndogo, tukakaa barazani. Nikapiga mishororo yote minne. Hakusema lolote. Akaingia ndani akatoka na udi, akaukaza nyuzi, akaniambia nirudie mshororo wa pili. Nilipofika kwenye kimya cha F, akajibu kwa udi. Nota chache tu, nne au tano. Nikarudia, akajibu tena, vingine. Tulifanya hivyo mpaka mama akatoka kutwambia usiku umekuwa mkubwa. Ami hajawahi kupiga na mimi hata siku moja tangu nishike gitaa.

Bado nina matatizo mawili. Kule juu kwenye mleo, C haifiki D. Navuta mpaka kidole kinauma, inakwama katikati, na kwenye rikodi inasikika imepotea. La pili, tukiwa wote nakimbia. Peke yangu nipo sawa, ngoma ikiingia nota saba zinajaa kabla kipimo hakijesha na nafika F mapema.

Nyuzi_Sita_Jangombe

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha sana na habari ya barazani, nimeisoma mara mbili.

Kuvuta: usivute kwa kidole kimoja. Kidole cha pete kiwe kwenye freti ya 8, cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kwenye uzi huo huo vimsaidie, na dole gumba lipande juu ya shingo. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, kinazunguka kama unafungua kitasa, vidole vyenyewe havikunji. Kabla ya kuvuta piga D halisi, uzi wa 1 freti ya 10, uiimbe, kisha rudi freti ya 8 uvute mpaka ufikie ulichoimba. Sikio ndilo linaloamua uvute kiasi gani. Kila siku mara ishirini, uache kidole kikiuma, usikilazimishe. Kama nyuzi zako ni nene, wa 1 ukiwa namba 11 au 12, siku ya kubadilisha chukua seti inayoanza na namba 9, utapumzika.

Kukimbia: umeacha maneno. Ukiwa peke yako unasema moyoni "nimefika bandarini", ngoma ikiingia unarudi kuhesabu nota. Tembeza midomo unapopiga, hata watu wakikuona. Silabi ya "ri" kwenye "bandarini" ndiyo nzito, kila mtu anaikaza akitamka, nayo iko kwenye nusu ya mwisho ya kipimo. Ukiikaza kwenye uzi kama unavyoikaza mdomoni haiwezekani ukafika F mapema. Na mwambie wa ngoma kwenye zile duru nne asijaze F na G, aache pumzi ziwe pumzi. Wengi wao wakiona kimya wanadhani ni nafasi yao.

Msalimie sana ami. Muulize yale majibu yake ya udi yaliishia nota gani. Kama moja liliishia E au A, usiliache lipotee barazani, lifanye ndio mwanzo wa mleo wako, kisha uturushie rikodi hapa.